Ndoo ya Darasa la Pili

Mimi ndiye mtunza hazina wa kamati ya wazazi.
Hazina yenyewe ni kopo la biskuti
lenye yuro mia tatu na kumi na nne, na kifungo cha koti
ambacho mtu alikitumbukiza siku ya mnada wa keki
akidhani hatutajua.
Tulijua. Ni cha Feardorcha, fundi bomba. Tumekitunza.

Shule yetu ni vyumba vitatu vya mbao
vilivyoletwa kwa lori, vya muda, vya miaka miwili tu.
Hiyo miaka miwili sasa ina umri wa miaka kumi na saba,
imebalehe, imeota ndevu za kuvu chini ya madirisha.

Paa la Darasa la Pili linavuja penye ramani.
Mwalimu Gobnait aliweka ndoo,
kisha akafundisha kwa ndoo.
Tone moja, kimya, tone jingine: ceobhrán, manyunyu.
Yakianza kukimbizana: múr, rasharasha.
Yakimiminika hadi chaki inalowa: díle,
na hapo darasa zima hushangilia
utadhani gharika ni shangazi kaja na peremende.

Mwanangu Étaín anazijua mvua kwa majina
ambayo mama yangu hakuyajua, wala mimi.
Bibi yake mama aliyajua, akayameza,
maana enzi zake lugha hii ilikuwa hainunui hata kiberiti.

Kila Oktoba najaza fomu. Kurasa ishirini na sita.
Ukurasa wa tisa unasema: Thibitisha hitaji.
Kumbe kiu nayo hugongwa muhuri.
Niliandika: watoto sabini na mmoja, choo kimoja, kiko nje.
Dublin wakajibu: ombi lenu linashughulikiwa.
Mwaka uliofuata likashughulikiwa tena.
Nimejifunza kwamba kushughulikiwa ni chumba
chenye viti vingi, kisicho na mlango wa kutokea.

Kisha Februari, Jumanne, akaja Bwana Prunty wa Wizara,
viatu vya mjini, tepu ya kupimia kiunoni.
Alipima madirisha. Alihesabu watoto, akarudia,
kwa sababu Caoilte hujificha chini ya meza akisikia anahesabiwa.
Akaitazama ndoo. Ndoo ikasema tak.

Watoto wakamsalimu kwa Kiayalandi, wote kwa pamoja,
naye akawa mwekundu kuanzia kola kwenda juu.
Alikisoma miaka kumi na minne, alisema kwa Kiingereza,
na amebaki na sentensi moja.
Itoe basi, tukamwambia.
Akakohoa, akasimama wima kama mtoto wa miaka saba,
akaomba ruhusa ya kwenda chooni.

Nusu ya nchi hii imebaki na sentensi hiyo hiyo.
Fedha zote zile, miaka yote ile,
ili tufundishwe kuomba ruhusa.

Sisi wakubwa tulicheka hadi machozi.
Watoto hawakucheka.
Kwao haikuwa kumbukumbu, alikuwa mtu aliyebanwa.
Étaín akamwambia unaruhusiwa, akamshika mkono,
akamtoa nje.

Ni mita arobaini. Najua, niliziandika ukurasa wa kumi na moja.

Walirudi wametota, viatu vya mjini vikilia maji,
na yeye anafundishwa mvua ile inaitwaje.
Díle. Hapana, siyo hivyo. Díle. Tena.
Akaliandika pembezoni mwa karatasi yake,
juu ya idadi ya madirisha, kwa wino uliokwisha kuvuja.

Barua ilikuja Mei, aya mbili.
Choo: kimekubaliwa.
Paa: mwakani, bajeti ikiruhusu.
Ikiruhusu! Kumbe nao wamesimama kwenye mstari,
wameinua kidole, wanasubiri mwalimu awatazame.

Jana Gobnait kaniomba yuro sita za ndoo ya pili,
maana maji yamehama, sasa yanadondoka penye saa.
Nimezitoa.
Nimedai risiti.